Mafuta ya Mnanaa na Bakteria wa Vidonda vya Tumbo: Umbali Kati ya Maabara na Tumbo la Mgonjwa

Madai kwamba mafuta ya mnanaa huua bakteria wanaoleta vidonda vya tumbo yanasikika sana siku hizi, kuanzia kwenye ujumbe unaosambazwa kwa simu hadi kwa wauzaji wa chupa ndogo ndogo katika masoko ya Kisumu, Kakamega na Nakuru. Madai hayo si uongo mtupu, na hapo ndipo ugumu ulipo. Yapo majaribio halisi, yaliyofanywa na wataalamu na kuchapishwa, yanayoonyesha kwamba mafuta hayo huwazuia bakteria hao kukua, na yakiwa mengi huwaua. Lakini majaribio hayo yalifanyika katika sahani za maabara, na tumbo la mgonjwa ni mahali tofauti kabisa: lina asidi, lina ute, lina mikunjo na lina misuli inayosukuma kila kitu kuelekea chini. Makala hii inaeleza kilichopo kati ya sahani na tumbo, ili mtu mwenye maumivu aweze kupambanua mnanaa unamfaa wapi na ni wapi asiutegemee.

Bakteria anayezungumziwa ni Helicobacter pylori, ambaye wengi hapa kwetu wanamjua kwa jina lililofupishwa kwenye karatasi ya majibu ya maabara, yaani H. pylori. Kwa miaka mingi madaktari waliamini kwamba vidonda vya tumbo huletwa na mawazo mengi, pilipili na asidi iliyozidi, na kwamba hakuna kiumbe anayeweza kuishi katika ukali wa tumbo. Imani hiyo ilianza kubomoka mjini Perth, Australia, pale Robin Warren alipoona kwa hadubini vijidudu vilivyojipinda vikiwa vimetanda kwenye vipande vya nyama vilivyotolewa katika matumbo ya wagonjwa. Alishirikiana na daktari kijana, Barry Marshall, na kwa muda mrefu walijaribu kuviotesha vijidudu hivyo katika maabara bila mafanikio, kwa kuwa sahani zilikuwa zikitupwa baada ya siku mbili tu. Mwaka 1982, wakati wa sikukuu ya Pasaka, sahani ziliachwa kwa siku zaidi, na bakteria wakaonekana. Ilikuja kubainika kwamba huyu ni bakteria anayekua polepole, na jambo hilo litatufaa tutakapozungumzia muda. Mwaka 1984 Marshall alikunywa maji yaliyojaa bakteria hao, akaugua uvimbe wa ukuta wa tumbo, na hivyo akathibitisha kwa mwili wake kile ambacho wenzake walikuwa wakikikataa. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2005. Kabla ya hapo, mwaka 1994, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilikuwa limemweka bakteria huyu katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kwa uhusiano wake na saratani ya tumbo.

Anaishije mle? Asidi ya tumbo lisilo na chakula ni kali kiasi cha kuua karibu kila bakteria anayemezwa. H. pylori ana silaha ambayo wengine hawana kwa wingi huo, nayo ni kimeng'enya kinachoitwa yurezi. Kimeng'enya hiki huivunja yurea, ambayo mwili wenyewe huitoa, na kuigeuza kuwa amonia na kaboni dioksidi. Amonia hupunguza makali ya asidi mahali pale pale bakteria alipo, hivyo akapata nafasi ndogo ya kupumua huku akisonga. Kwa mikia yake myembamba anaogelea akiiacha asidi na kuingia ndani ya ute unaofunika ukuta wa tumbo. Ute huo hauna hata milimita moja ya unene, lakini upande wake unaogusa ukuta hauna ukali wa asidi, na ndiko anakoweka makao. Wengine hujificha ndani zaidi, kwenye vishimo vidogo vya tezi za tumbo. Ninamwomba msomaji aikumbuke picha hii ya bakteria aliyezama ndani ya ute, kwa sababu karibu kila swali kuhusu mnanaa linarudi hapo.

Maambukizi yenyewe hutokea zaidi utotoni, nyumbani, kutoka mdomo hadi mdomo au kwa chakula na maji yaliyochafuliwa, na pale ambapo watu wengi wanalala chumba kimoja huwa rahisi zaidi. Wengi walio naye hawaugui kamwe. Kati ya watu 100 walioambukizwa, inakadiriwa kwamba 10 hadi 20 ndio watakaopata vidonda maishani mwao. Ni idadi ndogo kuliko hofu iliyotanda, lakini katika maeneo kama yetu, ambako maambukizi ni ya kawaida sana, idadi hiyo ni watu wengi mno.

Sasa tuugeukie mnanaa. Jina hili moja hubeba mimea kadhaa ya jenasi ya Mentha, na hapa ndipo mkanganyiko wa kwanza unapoanza. Peremende, ambayo wataalamu huiita Mentha × piperita, ni chotara aliyetokana na mnanaa wa majini na mnanaa wa bustani. Haitoi mbegu za kutegemewa, na mkulima huipanda kwa vipande vya mashina yake yanayotambaa. Mnanaa wa bustani, Mentha spicata, ndio ambao mara nyingi hufungwa vishada na kupangwa kando ya dania sokoni. Ukitaka kuitofautisha, chuma jani na uangalie linavyoshikana na shina: jani la peremende lina kikonyo kifupi, na shina lake mara nyingi lina wekundu wa zambarau, ilhali jani la mnanaa wa bustani hukaa juu ya shina karibu bila kikonyo. Kisha litafune. Peremende huleta ubaridi mkali mdomoni; mnanaa wa bustani una utamu laini na karibu hauna ubaridi wowote.

Tofauti hiyo ya ulimi ni tofauti ya kemia. Mafuta ya peremende yana mentholi, kwa kawaida kati ya asilimia 30 na 55, pamoja na menthoni. Mafuta ya mnanaa wa bustani yana mentholi kidogo sana, na kiungo chake kikuu ni kavoni. Aina ya tatu, Mentha arvensis, inayolimwa kwa wingi India, hutoa mafuta yenye mentholi nyingi kuliko zote, na ndiyo chanzo kikubwa cha mentholi inayotiwa katika dawa za kuchua na pipi za kikohozi. Hata mmea mmoja haubaki vilevile msimu mzima: katika peremende changa menthoni huwa nyingi, na kadiri majani yanavyokomaa sehemu yake hugeuka kuwa mentholi. Kwa hiyo mtu anaposema kwamba mafuta ya mnanaa yanaua bakteria, swali la haki la kumuuliza ni mnanaa gani, uliovunwa lini, na wenye nini ndani yake. Chupa nyingi za mitaani hazina jibu.

Mafuta haya hayakamuliwi kwa kupondwa, tofauti na ya alizeti. Majani huwekwa ndani ya pipa lililofungwa, mvuke wa maji moto hupitishwa katikati yake, nao hubeba harufu yote hadi kwenye bomba linalopozwa kwa maji baridi. Mvuke ukigeuka kuwa maji, mafuta hujitenga na kuelea juu. Katika eneo letu kazi hii si ngeni. Karibu na msitu wa Kakamega, wakulima wa kikundi cha Muliru wamekuwa wakikamua kwa njia hiyo mafuta ya kivumbasi cha aina ya Ocimum kilimandscharicum, ambacho ni ndugu wa mnanaa katika ukoo mmoja wa mimea, na kutengeneza dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Ninautaja mfano huu kwa sababu unaonyesha kwamba ujuzi wa kutoa mafuta safi ya majani upo hapa hapa, na pia kwa sababu dawa ile ni ya kupaka, matumizi ambayo yanaendana na kinachojulikana juu ya mafuta ya aina hiyo.

Maabara huyapimaje mafuta dhidi ya bakteria? Njia inayopigwa picha zaidi ni ya kuotesha bakteria juu ya sahani yenye lishe iliyoganda, kisha kuweka juu yake kijikaratasi cha duara kilicholoweshwa mafuta. Bakteria wakishindwa kukua kando yake, hubaki mviringo mweupe usio na kitu, na mtafiti huupima kwa rula. Picha hiyo hupendeza na husambaa haraka, lakini kwa mafuta ya harufu ni kipimo dhaifu, kwa kuwa mafuta hayachanganyiki vizuri na lishe yenye maji, na sehemu yake huruka hewani kabla ya bakteria kuguswa. Kipimo bora zaidi ni kuchanganya mafuta kwa viwango mbalimbali na kutafuta kiwango cha chini kabisa kinachozuia ukuaji. Kuzuia nako si kuua: bakteria aliyezuiwa anaweza kuamka mafuta yakiondoka.

Kwa njia kama hizo, watafiti wa Japani walichapisha mwaka 2001 matokeo yaliyoonyesha kwamba mafuta ya peremende na ya mnanaa wa bustani yalizuia ukuaji wa H. pylori, pamoja na bakteria wengine waletao maradhi, wakiwemo Salmonella na aina hatari ya E. coli. Mwaka 2003, tena Japani, aina 13 za mafuta ya mimea zilizojaribiwa zilimzuia H. pylori kabisa kwa kiwango cha asilimia 0.1, yaani mililita moja ya mafuta katika lita nzima. Katika utafiti huo wa pili, aliyeng'ara alikuwa mchaichai, ule ule tunaoutia kwenye chai. Mafuta yake yaliwaua bakteria kwa kiwango cha asilimia 0.01 katika mazingira yenye asidi kiasi. Bakteria waliokuzwa humo mara 10 mfululizo hawakujenga usugu, ilhali katika hali hiyo hiyo walijenga usugu dhidi ya klarithromaisini, ambayo ni dawa inayotumiwa hospitalini. Na idadi ya bakteria ilipungua katika matumbo ya panya waliopewa mafuta hayo. Ilipungua, lakini haikwisha. Neno hilo ni la kuzingatiwa, kwa kuwa katika ugonjwa huu bakteria wachache wakibaki, maambukizi hurudi.

Jinsi mafuta yanavyoua inaeleweka vya kutosha. Utando unaomzunguka bakteria umejengwa kwa mafuta, na viungo kama mentholi na kavoni hupenda kujipenyeza ndani ya mafuta kuliko kukaa majini. Vikiingia, utando hulegea, chumvi na vitu vingine muhimu huvuja, na bakteria hushindwa kutengeneza nguvu. Kwa kuwa shambulio halielekezwi kwenye sehemu moja tu, bakteria hapati njia rahisi ya kujibadilisha na kulikwepa, na hiyo ndiyo sababu ya msingi inayowafanya wanasayansi waendelee kuyatazama mafuta haya kwa matumaini. Ubaya ni kwamba seli za ukuta wa tumbo letu nazo zina tando za mafuta. Kiwango kikipanda, mafuta hayachagui.

Hebu sasa tufanye hesabu ya kikombe cha chai. Tuchukue kikombe cha robo lita na konzi ya majani mabichi yenye uzito wa gramu 10. Majani mabichi ni maji kwa sehemu kubwa. Tukiyakadiria kuwa na mafuta ya asilimia 0.3, konzi ile ina gramu 0.03 za mafuta. Ili kikombe hicho kifikie asilimia 0.1 iliyotumika maabara, kingehitaji mafuta ya gramu 0.22 hivi, yaani mara saba ya yaliyomo katika majani yote. Na hapo tumejipendelea, tukachukulia kwamba mafuta yote yametoka ndani ya jani na kubaki kwenye maji. Kwa kweli sehemu kubwa hubaki ndani ya majani yanayotupwa, na nyingine hupaa na mvuke. Ile harufu nzuri inayojaa jikoni ni mafuta yanayokwenda zake. Chai ya mnanaa, basi, haifiki karibu na kiwango cha maabara, hata ikinywewa mara tatu kwa siku.

Mwuzaji wa chupa atajibu kwamba ndiyo maana yeye anauza mafuta yenyewe, na jibu lake linastahili kupimwa kwa uzito wake. Ni kweli kwamba robo mililita, ambayo ni matone machache tu, ikisambaa sawasawa katika robo lita ya maji ingefikia kiwango kile. Lakini haisambai. Mafuta huelea juu ya maji tumboni kama yanavyoelea ndani ya glasi, ilhali bakteria amejificha ndani ya ute ulioshikamana na ukuta, na ute wenyewe ni maji kwa zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi. Juu ya hayo kuna suala la muda, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote. Sahani ya H. pylori hukaa kwenye joto la mwili kwa siku tatu au zaidi ndipo isomwe, na muda huo wote bakteria hana pa kukimbilia. Tumboni, maji yaliyonywewa bila chakula hupungua hadi nusu ndani ya dakika 10 hadi 20, huku misuli ikisukuma mara tatu hivi kwa dakika. Bakteria wa sahani ni kupe wa ng'ombe aliyetumbukizwa kwenye josho. Bakteria wa tumboni ni kupe wa ng'ombe aliyenyeshewa na manyunyu akiwa njiani. Mafuta yakishavuka kwenda utumbo mwembamba, hufyonzwa, ini huigeuza mentholi, na mwili huitoa kwa mkojo.

Kuna ulinganisho mwingine ambao kwangu unamaliza ubishi kuliko hoja zote. Amoksilini, dawa inayojulikana katika kila duka la dawa, humzuia H. pylori katika sahani kwa kiwango kilicho chini ya miligramu moja kwa lita. Mafuta kwa asilimia 0.1 ni karibu miligramu 900 kwa lita. Pamoja na ukali wote huo, amoksilini ikitolewa peke yake hushindwa kuwaponya wagonjwa walio wengi, kwa sababu ile ile ya ute, asidi na vishimo vya tezi. Ndiyo maana matibabu hospitalini huunganisha dawa tatu au nne kwa pamoja. Ikiwa dawa yenye nguvu mara mamia kadhaa zaidi ndani ya sahani haitoshi kusimama peke yake ndani ya tumbo, ni vigumu kuona matone ya mnanaa yatatoshaje.

Jambo jingine ambalo watu wachache hulitambua ni kwamba mafuta ya peremende yana nafasi yake inayokubalika katika tiba ya kisasa, lakini nafasi hiyo inaukwepa mfuko wa tumbo kwa makusudi. Kwa watu wenye maumivu ya muda mrefu ya utumbo mpana, yanayoambatana na kujaa gesi na kubadilika kwa choo, hutolewa kapsuli zenye mafuta ya peremende ya mililita 0.2 hivi, zilizopakwa tabaka lisiloyeyuka kwenye asidi. Kapsuli hupita tumboni ikiwa nzima na kufunguka chini zaidi, ambako mentholi huilegeza misuli inayokaza. Tabaka hilo liliwekwa kwa sababu mafuta yakifunguka juu, huulegeza pia msuli unaofunga njia kati ya umio na tumbo, asidi ikapanda, na mtu akapata kiungulia. Aliye kwenye dawa za kupunguza asidi, kama wagonjwa wengi wa vidonda walivyo, ajue kwamba tumbo lake lililopungukiwa asidi linaweza kuifungua kapsuli hiyo kabla ya wakati.

Lakini watu wanasema wamekunywa wakapata nafuu, na ninawaamini. Nafuu hiyo ina maelezo mengine. Kulegea kwa misuli kunapunguza mkazo na gesi. Zaidi ya hapo, mentholi huamsha kwenye mishipa ya fahamu kipokezi kile kile kinachoamshwa na baridi. Mwaka 2002 makundi mawili ya watafiti wa Marekani, la David Julius na la Ardem Patapoutian, yalikitambua kipokezi hicho kwa kuitumia mentholi yenyewe, na wawili hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 kwa kazi yao kuhusu hisi za joto na mguso. Ubaridi unaosikika hautokani na kushuka kwa joto lolote, na maumivu yanayotulia hayaonyeshi kwamba bakteria amekufa. Hapo ndipo hatari ilipo kwa mtu mwenye kidonda halisi: dalili hupungua, kipimo huahirishwa, na kidonda huendelea kuchimba.

Kuhusu vipimo, napenda kukaa kidogo, kwa maana madai mengi ya kupona kwa mnanaa hutegemea kipimo kilichosomwa vibaya. Kile cha tone la damu, kinachofanyika haraka na kwa bei nafuu, hutafuta kingamwili, yaani kumbukumbu ya mwili kwamba uliwahi kukutana na bakteria. Kumbukumbu hiyo hudumu miezi, hata miaka, baada ya bakteria kutoweka, na hivyo hakiwezi kusema kama mtu ameambukizwa sasa, wala kama dawa imefanya kazi. Kipimo cha kinyesi hutafuta bakteria mwenyewe. Kipimo cha pumzi kinatumia udhaifu unaotokana na silaha ya bakteria: mgonjwa hunywa yurea yenye kaboni iliyowekewa alama, yurezi ikiivunja, kaboni dioksidi yenye alama hutoka kwa pumzi. Njia ya nne ni kamera ya kupitishwa mdomoni, inayomwezesha daktari kukiona kidonda na kuchukua kipande cha kupima. Vipimo vya kinyesi na pumzi huhitaji mtu awe ameacha omeprazoli, ambayo ni dawa ya kupunguza asidi, na dawa za jamii yake kwa wiki mbili, na antibiotiki kwa wiki nne, kwani dawa hizo huwapunguza bakteria bila kuwamaliza na kipimo kikasema hawapo. Mtu aliyekuwa akimeza omeprazoli pamoja na matone ya mnanaa, akapimwa siku hiyo hiyo na kuambiwa hana bakteria, anaweza kuusifu mnanaa kwa kazi iliyofanywa na omeprazoli, na tena isiyokamilika.

Matibabu yenyewe kwa kawaida huchukua siku 14. Mpango unaopendekezwa zaidi kimataifa kwa sasa ni wa dawa nne: ya kupunguza asidi, bismuthi, tetrasaiklini na metronidazoli. Ule wa zamani wa dawa tatu, wenye amoksilini na klarithromaisini, umedhoofika mahali pengi kwa sababu ya usugu. Shirika la Afya Duniani lilimtaja H. pylori sugu kwa klarithromaisini mwaka 2017 katika orodha ya bakteria wanaohitaji dawa mpya. Usugu huo unalishwa na tabia tunazozijua vizuri, za kununua vidonge vya siku tatu kwa sababu fedha zimeishia hapo, au kuacha dozi maumivu yanapotulia. Hakuna asiyeelewa ugumu wa kumeza vidonge vingi kwa siku 14, vyenye kuacha ladha ya chuma mdomoni na kichefuchefu. Na hapa ndipo ninapouona mnanaa ukiwa na kazi ya kweli: kikombe cha chai yake, kwa asiyesumbuliwa na kiungulia, kinaweza kumtuliza mgonjwa kichefuchefu na kumsaidia kuimaliza dozi.

Isisahaulike pia kwamba si kila kidonda huletwa na bakteria. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, ambazo vijana wa bodaboda na wakulima wa miwa humeza kila wiki kwa maumivu ya mgongo, hudhoofisha kinga ya ukuta wa tumbo na kuchimba vidonda vyenyewe. Kwa mtu kama huyo hakuna mafuta wala antibiotiki itakayomponya akiwa bado anazimeza. Na yeyote anayetapika damu, anayepata choo cheusi chenye kunata, anayekonda bila sababu au anayekwamwa na chakula akimeza, mahali pake ni hospitali siku hiyo hiyo.

Tahadhari moja zaidi inawahusu watoto wachanga. Mafuta ya peremende yasimkaribie mtoto mchanga, wala puani wala kifuani wala mdomoni, kwa kuwa mvuke wa mentholi unaweza kumkaba pumzi. Tena, katika maeneo ya malaria kama ya kandokando ya ziwa, watoto wengi huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha damu kiitwacho G6PD. Madaktari wa Nigeria walieleza mwaka 1980 jinsi mentholi inavyoweza kuwaongezea watoto wa namna hiyo hatari ya ugonjwa wa manjano. Kwa watu wazima, mafuta yasiyochanganywa huunguza mdomo na umio.

Utafiti ambao ungebadilisha maoni yangu si mgumu kuueleza. Bakteria watakaotumika wawe wametoka kwa wagonjwa wa huku kwetu, wakiwemo walio sugu kwa klarithromaisini. Mafuta yapimwe kwanza, ijulikane yana mentholi kiasi gani na kavoni kiasi gani. Jaribio lifanyike ndani ya ute, kwenye asidi, kwa dakika 30 badala ya siku tatu. Kisha yatafutwe maumbo ya dawa yatakayoyafanya mafuta yanase kwenye ute badala ya kuelea, kwa mfano kuyafungia ndani ya vichembe vidogo mno, njia ambayo maabara mbalimbali duniani zimeanza kuifuata kwa mafuta ya mimea. Mwisho wapatikane wagonjwa waliokubali kwa hiari, wote wakipewa dawa za kawaida za siku 14, nusu yao wakiongezewa mafuta na nusu wasiongezewe, na wote wapimwe kwa pumzi au kinyesi si chini ya wiki nne baada ya dozi kwisha.